Pikapu Yako ya Zamani Inakunywa Mafuta? Anza na Jumbe za Malipo Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Hebu fungua simu yako, tafuta jumbe zote za malipo uliyofanya kwenye vituo vya mafuta mwezi uliopita, kisha ujumlishe. Usikadirie. Chukua kikokotoo, ujumlishe moja moja.

Ukishapata jumla hiyo, jiulize swali la pili: kwa pesa hizo, pikapu ilienda kilomita ngapi? Hapa ndipo wengi wetu tunanyamaza. Mwenye Hilux ya zamani, Isuzu KB, Datsun au Nissan inayobeba waru, maziwa ama mabati anajua bei ya lita hadi senti ya mwisho. Anajua pia kwamba "hii gari siku hizi inakunywa". Lakini inakunywa kiasi gani, na ilianza lini, hilo hajui. Basi anaenda kwa fundi na hilo neno "inakunywa" peke yake, na fundi naye anabadilisha anachoshuku: leo plagi, wiki ijayo filta, mwezi ujao nozo. Pesa zinatoka na gari bado linakunywa.

Bei ya mafuta huwezi kuishusha, na sisi pia hatuwezi. Lita unazochoma kwa kazi ileile unaweza kuzipunguza, ila lazima uzijue kwanza. Na habari njema ni kwamba nusu ya hesabu hiyo tayari iko kwa simu yako.

Shida ya "weka ya thao"

Wakenya tunanunua mafuta kwa shilingi. Tunamwambia mhudumu wa pampu "weka ya thao" au "weka ya mia tano", tunalipa kwa tili, tunaondoka. Ujumbe unaoingia unasema umelipa shilingi ngapi, saa ngapi na kwa nani. Hausemi lita. Kwa hivyo bei ikipanda, thao haikufikishi ulipozoea, unalaumu gari. Bei ikishuka, gari linaweza kuanza kuharibika pole pole na usijue, kwa sababu thao bado inakufikisha.

Dawa yake ni kugeuza shilingi kuwa lita. EPRA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila tarehe 14, na bei hizo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Basi mwezi wako wa hesabu nao uende hivyo hivyo, wa 15 hadi 14, badala ya tarehe 1 hadi 30. Ukifanya hivyo utakuwa na bei moja tu ya kugawanyia. Kumbuka pia bei inatofautiana na mji: Mombasa, ambako mafuta hushukia, huwa chini kuliko Nairobi, na Mandera iko juu zaidi. Tumia bei ya mahali ulipojazia.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme lita ni shilingi 180, na jumbe zako za mwezi zinajumlisha shilingi 40,500. Gawanya: lita 225. Mita ya kilomita inaonyesha pikapu ilienda kilomita 1,800. Gawanya tena: kilomita 8 kwa lita. Sasa, kama pikapu hiyohiyo kwa kazi hiyohiyo ingeenda kilomita 10 kwa lita, ungetumia lita 180. Tofauti ni lita 45, yaani shilingi 8,100 kwa mwezi. Kwa mtu anayenunua waru shambani na kuuza sokoni, hiyo inaweza kuwa faida ya safari nzima, na imetoka kwa egzosi bila yeye kuiona.

Jambo dogo lakini linaharibu hesabu za wengi: ukinunua mkate na soda kwenye duka la kituo, lipa kando. Zikichanganyika na mafuta kwenye malipo mamoja, mwisho wa mwezi utadhani gari limekula mkate. Na lipia mafuta yote kutoka laini moja. Leo laini yako, kesho ya mama watoto, keshokutwa pesa taslimu, hapo hakuna hesabu itakayosimama.

Tangi hadi tangi

Hesabu ya mwezi inakupa picha ya jumla. Ukitaka nambari ya kumwonyesha fundi, pima tangi hadi tangi. Jaza tangi mpaka pampu ijizime yenyewe, usiongeze tone. Andika kilomita. Fanya kazi yako ya kawaida hadi upitishe kilomita 300 au 400. Rudi kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, gari likiwa limeelekea upande uleule, ujaze tena mpaka ijizime. Lita zilizoingia mara hii ndizo ulizochoma. Gawanya kilomita kwa lita hizo. Rudia mara tatu, kwa sababu mara moja inaweza kukudanganya: mvua ilinyesha, foleni ilikuwa ndefu, mzigo ulikuwa mzito.

Najua kujaza tangi si rahisi kwa mtu ambaye pesa zake zinaingia kidogo kidogo. Lakini hata katikati unaweza kuendelea kuweka ya thao thao, mradi uanze na tangi limejaa na umalize na tangi limejaa, na uandike lita za kila mara kutoka kwenye pampu. Njia rahisi ni kupiga picha pampu na dashibodi kabla ya kuondoka. Picha na ujumbe wa malipo vitakuwa na saa zinazokaribiana, hata ukisahau kuandika.

Kuna mitego miwili kwa pikapu za zamani. Wa kwanza ni mita ya kilomita iliyokufa. Hapo tumia ramani ya simu, pima safari unayoenda kila wakati kisha uihesabu mara ngapi umeenda. Wa pili ni tairi. Pikapu nyingi zimewekwa tairi kubwa kuliko zile ilizotoka nazo kiwandani, ndio zipite matope vizuri. Tairi ya 205/70R15 ina kipenyo cha karibu milimita 668, na ya 235/75R15 karibu 734. Hiyo ni tofauti ya karibu asilimia 10. Ukitoka ile ya kwanza ukaweka ya pili, mita ikisema umeenda kilomita 100, kumbe umeenda karibu 110. Gari litaonekana linakunywa kuliko linavyokunywa. Na mshale wa spidi pia unasoma chini, jambo ambalo polisi wa barabarani hatakusamehe kwa sababu yake.

Kabla ya kumshuku dereva

Sehemu hii ni ya wenye pikapu ambao hawaendeshi wenyewe. Matumizi ya mafuta yakipanda, mtu wa kwanza kushukiwa ni dereva. Anaulizwa kama anafyonza, anauliziwa kwa wenzake, mara nyingine anaachishwa kazi. Anakuja dereva mpya na gari linaendelea kunywa vilevile, kwa sababu breki ya nyuma ilikuwa imekwama muda huo wote. Mtu amepoteza mshahara kwa kosa la kebo ya handibreki.

Nambari zinaweza kumtetea kabla hujamwita. Hitilafu ya gari huonekana katika kila tangi. Inaweza kuanza ghafla au kupungua kidogo kidogo, mathalani kutoka 10 hadi 9.5 hadi 9, lakini ikishaingia haiendi likizo. Mafuta yanayochotwa mara nyingi huruka ruka: tangi moja 10, linalofuata 7, kisha 10 tena, na njia ni ileile na mzigo ni uleule. Hiyo bado haijawa ushahidi, foleni na mvua pia huruka ruka. Njia ya haki ni kuketi naye kwenye gari tangi moja zima, au kuliendesha mwenyewe. Ikiwa wewe pia umepata 8, basi shida iko chini ya boneti au kwenye magurudumu, na dereva wako anastahili kuambiwa hivyo.

Kwa siku za kawaida, badala ya kumpa pesa mkononi, lipa mwenyewe kwa tili ya kituo ukiwa ulipo. Akutumie picha ya pampu ikiwa sufuri, picha ikiwa imemaliza, na ya dashibodi. Hakikisha jina linalotokea kwenye skrini ni la kituo hicho kabla ya kuweka nambari ya siri. Mpango huu unamlinda yeye kama unavyokulinda wewe, na mwambie hivyo unapouanzisha, usiulete kama mtego.

Anza na magurudumu

Sasa una nambari yako. Tuende kwenye gari, na sheria ni moja: badilisha kitu kimoja, pima tangi moja au mbili, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa siku moja, hutajua kipi kilisaidia, na mwaka kesho utalipia vyote vitano tena.

Upepo wa tairi ndio kila mtu anautaja kwanza. Ni kweli unasaidia, ila usiutarajie kufanya miujiza. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila PSI 1 inayopungua kwenye tairi zote hupunguza umbali kwa takriban asilimia 0.2. Zikiwa chini kwa PSI 10 zote, hiyo ni asilimia 2. Kwa ile pikapu yetu ya lita 225, ni lita 4 na nusu kwa mwezi, shilingi 810. Si haba, na tairi zitadumu zaidi, lakini haielezi gari lililoshuka kutoka 10 hadi 8. Pima asubuhi kabla tairi hazijapata joto, na ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mara nyingi kina kipimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo, na tofauti kubwa iko kwenye tairi za nyuma.

Breki ndizo ningeangalia kwa makini zaidi. Kwa gari lililotembea kilomita laki tatu na kitu, kebo ya handibreki hushika kutu, pini za kalipa hukauka, na sehemu za ndani za dramu hukwama. Breki inabaki imeshika kidogo, haitoshi kusimamisha gari, inatosha tu kuifanya injini ivute dhidi yake siku nzima. Kuijua ni rahisi. Endesha kilomita kumi hivi kwenye barabara tambarare ukikanyaga breki mara chache iwezekanavyo, kisha simama. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, maana inaweza kukuunguza. Rimu moja ikitoa joto kali kuliko nyingine, au ukinusa harufu ya kuungua, umempata mwizi wako. Kuthibitisha, mwambie fundi alijeki gari mahali tambarare, magurudumu mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe, aizungushe tairi kwa mkono. Beringi iliyokaza nayo itajionyesha hapo.

Kama pikapu yako ni ile inayovuta kwa magurudumu manne, angalia habu za mbele. Aina nyingi za zamani zina kile kisahani cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Mtu alitoka kwenye matope msimu wa mvua akaziacha LOCK, sasa ni Agosti, na difu ya mbele na shafti zake zinazungushwa bure kila siku. Rudisha FREE. Haina gharama yoyote.

Na mzigo wa kudumu je? Zile vyuma vya keria, jeki mbili, mnyororo, magunia yaliyolowa, spea za gari lingine? Kilo 45 za ziada humaliza takriban asilimia 1 kwa gari la kawaida, na kidogo kuliko hapo kwa gari kubwa. Toa usichohitaji, lakini usijisumbue sana. Turubai linalopepea nyuma kwenye barabara kuu lina madhara zaidi, hasa ukizidisha spidi. Lifunge kamba sawasawa.

Thamostati iliyotupwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni tabia yetu.

Pikapu ikianza kuchemsha, fundi wengi wa kando ya barabara huitoa thamostati na kuitupa. "Hii ni ya nchi za baridi, huku Afrika haihitajiki." Umeshaisikia hiyo. Gari linaacha kuchemsha kwa muda, mwenye gari anashukuru, na kuanzia siku hiyo injini haifikii joto lake.

Thamostati ni kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa kawaida nyuzi 80 na kitu. Bila yeye, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha. Injini ya petroli yenye kompyuta inasoma kwamba bado ni baridi, kwa hivyo inaendelea kumwaga mafuta ya ziada kama vile ndio kwanza umeamka. Ya dizeli ya zamani haina kompyuta ya kudanganywa, lakini silinda zikiwa baridi mafuta hayaungui vizuri na oili inabaki nzito. Kwa mtu wa Kinangop au Molo, asubuhi ya baridi, na safari za kilomita tano tano kupeleka maziwa, injini inaweza kukosa kupata moto siku nzima. Injini inayokaa baridi pia inalika haraka.

Cha ajabu, kuna injini ambazo kutoa thamostati hakuzisaidii hata kwa kuchemsha. Zimeundwa na njia ya pembeni ambayo thamostati huifunga inapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na maji mengine moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Kujua kama yako ipo na inafanya kazi, washa gari likiwa limelala usiku kucha na ushike mpira wa juu wa rejeta, ukiwa mbali na feni. Unapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate moto kwa ghafla. Ukianza kupata vuguvugu pole pole tangu mwanzo, ama imekwama wazi, ama haipo. Angalia pia mshale wa joto: baada ya robo saa barabarani unapaswa kutulia mahali pake. Ukibaki chini kabisa, usifurahi.

Ukiirudisha na gari likachemka, ujue thamostati haikuwa kosa tangu mwanzo. Rejeta imeziba, feni haivuti, umejaza maji ya mto badala ya kulanti, au gasketi ya silinda hedi imeanza kuvuja. Hayo ndiyo ya kutengeneza.

Moshi, hewa na mwinuko

Simama nyuma ya pikapu mtu akikanyaga mafuta. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa bluu, injini inachoma oili. Mweupe mzito ambao hauishi hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, wahi gereji kabla hujakwama njiani.

Weusi ndio unaohusu mfuko wako wa mafuta. Anza na filta ya hewa, hasa kama unafanya kazi kwenye vumbi. Filta chafu haina madhara sawa kwa kila gari. Kwenye petroli za kabureta, kama Hilux za injini ya 22R, kubadilisha filta iliyochafuka hurudisha asilimia 2 hadi 6. Kwenye petroli zenye kompyuta, majaribio ya Marekani hayakuona tofauti ya maana kwa mafuta, kwa sababu kompyuta inapunguza mafuta hewa ikipungua, gari linakuwa zito tu kuondoka. Dizeli za pampu ya kimekanika, kama 2L na 3L za Toyota au 4JA1 ya Isuzu, hazina wa kuzipunguzia: hewa ikikosa, mafuta yanaendelea kuja na yanatoka yakiwa masizi.

Hiyohiyo ndiyo sababu mwinuko una maneno. Mita 2,500 juu ya bahari, ambako sehemu kubwa ya Nyandarua iko, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi kidogo ya moja ya tano. Ukinunua pikapu ya kabureta au ya dizeli isiyo na tabo ambayo imefanya kazi Pwani miaka yote, ukaipandisha Ol Kalou, itakuwa inapewa mafuta ya hewa ambayo haipo. Itatoa moshi na itavuta vibaya. Fundi anayejua pampu au kabureta airekebishe kwa mahali unapofanyia kazi. Usimruhusu aongeze mafuta "ndio ipate nguvu". Hicho ndicho kinyume chake.

Nozo za dizeli zikichakaa humwaga matone badala ya kunyunyiza ukungu, na matone hayaungui yote. Zipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kupimia presha, azipime mbele yako. Kubadilisha zote nne bila kupima ni kubahatisha kwa pesa nyingi.

Kwa petroli zenye kompyuta, taa ya injini ikiwaka isomwe na mashine. Sensa ya oksijeni ikifa, kompyuta inapoteza pua yake na hutoa mafuta kwa kukisia. Ile idara ya Marekani inasema kurekebisha hitilafu kubwa kama hiyo kunaweza kuboresha umbali kwa hadi asilimia 40. Hiyo "hadi" iangalie vizuri, lakini hakuna filta wala plagi itakayokaribia hapo. Mtu aliyechomoa balbu ya taa hiyo ndio isimsumbue anailipia kila siku.

Mguu wako

Upinzani wa upepo huongezeka kwa mraba wa spidi. Ukitoka 80 hadi 100, nguvu hiyo inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na pikapu ina umbo la kabati. Kama lazima uchague jambo moja la kubadilisha kwa uendeshaji, ni hilo. Kunguruma bila kwenda nako kunakula: takriban lita 1 hadi 2 kwa saa kwa gari la petroli, kulingana na ukubwa wa injini. Unaposubiri kupakia, zima.

Halafu kuna kuteremka na "free". Ondoeni hii kichwani. Injini zenye kompyuta hukata mafuta kabisa ukiteremka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga, lakini ukiweka free zinalazimika kuchoma kidogo ili zisizime. Yaani unatumia zaidi. Kwa za kabureta unaweza kuokoa kidogo, lakini mzigo wote unabaki kwa breki. Madereva wa njia ya Nakuru hadi Eldoret wanaijua Salgaa, na wanajua breki zilizopata moto hufanya nini pale.

Kabla ya kulipia kitu kikubwa

Mtandaoni utauziwa sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta, vidonge vya tangi, na vifaa vya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo na halijapata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiwango kikubwa. Ukiambiwa utume pesa kwanza ndipo uletewe, hapo umepata sababu mbili za kukataa.

Spea nazo, lipa ukiwa umeiona na kuishika, kwa tili ya duka wala si kwa nambari ya mtu binafsi, ili ujumbe wa malipo uwe ushahidi ukitaka kuirudisha. Vivyo hivyo kwa mafuta: kama gari lilianza kuyumba na kutoa moshi mara tu baada ya kujaza kituo fulani, usifute ujumbe. Una jina la kituo, tarehe na dakika, na EPRA hupokea malalamiko ya mafuta yaliyochanganywa. Uchanganyaji wa dizeli na mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia.

Siku moja fundi atasema injini imechoka, ifunguliwe. Anaweza kuwa na haki. Mwambie apime kwanza mgandamizo wa kila silinda na akuandikie nambari, kisha utoe hesabu. Tuseme anataka shilingi 90,000, na baada ya kazi hiyo gari litatoka kilomita 8 hadi 9 kwa lita. Kwa kilomita 1,800 za mwezi, utatumia lita 200 badala ya 225. Unaokoa lita 25, shilingi 4,500. Zile 90,000 zitarudi baada ya miezi 20. Ikiwa injini pia inakunywa oili na inakulaza barabarani na mzigo wa kuoza, huenda bado inafaa. Ikiwa sababu ni mafuta peke yake, na breki ya nyuma haijawahi kujekiwa ikazungushwa kwa mkono, mwambie fundi aanzie huko.